Koti la Mama Patrick

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Fairfield, New South Wales
Tarehe: Jumatatu, 27 Oktoba 2025, kuanzia saa nne asubuhi
Jina la shahidi: Kawira Nkatha
Umri: Miaka 34
Kazi: Msaidizi wa wauguzi, nyumba ya kutunzia wazee
Makazi: Smithfield
Jambo linalohusika: Hati ya kusafiria ya Bi. Honorine Balagizi, miaka 58
Uhusiano wa shahidi na mhusika: Shahidi ameomba kujibu sehemu hii mwishoni.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Aliye mbele yangu ni Konstebo Whelan, na mkalimani ni Bi. Aketch. Konstebo ameniambia Kiingereza changu ni kizuri, kwamba bila mkalimani tungemaliza upesi. Najua ni kizuri. Jambo lililonileta hapa nililifanya kwa Kiingereza hicho hicho, na leo nataka yaandikwe maneno ambayo Mama Patrick akisomewa atayaelewa yote.

Mama Patrick ndiye Bi. Honorine Balagizi. Hapa mjini hakuna anayemwita Honorine isipokuwa watu wa ofisi ya mishahara. Ni mwenyeji wa Bukavu, na aliletwa Australia kama mkimbizi pamoja na mwanawe Patrick, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi kwenye ghala moja Smithfield. Mama Patrick yuko chumba cha kufulia nguo katika nyumba ya wazee ninamofanya kazi, nami niko na wazee wenyewe. Tumejuana miaka minne. Nilipoanza kazi sikuwa na ndugu katika nchi hii. Siku za kwanza aliniuliza nimekula nini, nikamwambia mkate, akaniangalia kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kesho yake alileta bakuli la sombe, yale majani ya muhogo yao, na tangu hapo ananiita mutoto yangu. Mimi ni Mmeru wa Kenya, sombe nilikuwa sijawahi hata kuionja.

Mwezi wa tano mwaka huu niliona kwenye simu tangazo la safari ya bei rahisi: nchi tano za Ulaya kwa siku kumi na saba, mabasi, hosteli na ndege za bei ya chini. Nilimwonyesha Mama Patrick wakati wa chai. Mimi nilitaka picha. Nasema ukweli, nilitaka picha za kuweka mtandaoni ili waliosoma nami Meru wazione. Yeye katika zile nchi tano alikuwa na moja tu, Ubelgiji, ambayo ilikuwa ya mwisho. Huko anaishi mdogo wake, Déborah. Walitenganishwa kambini miaka kumi na tisa iliyopita, mmoja akaletwa huku, mwingine akapata njia yake kwenda huko. Kwenye simu wanazungumza kila Jumamosi. Kuonana hawajaonana. Déborah bado anangoja karatasi zake za ukimbizi na haruhusiwi kutoka Ubelgiji, basi ilikuwa lazima mkubwa ndiye aende.

Konstebo ameniuliza kuhusu hati. Mama Patrick hajawa raia wa Australia. Anasafiri kwa hati ya wakimbizi inayotolewa na serikali ya hapa. Mimi nina pasipoti ya Kenya, na huku Sydney nimeomba ukazi wa kudumu na bado nasubiri jibu. Mtu anayesubiri jibu hilo haombi kuonekana kituo cha polisi. Hilo nalisema kama sababu, siyo kama udhuru.

Sasa koti. Wiki mbili kabla ya safari tulikwenda Cabramatta, kwenye duka la nguo za mitumba, na Mama Patrick akanunua koti zito la rangi ya manjano iliyokolea, la kufika magotini. Nilimwambia linaonekana kutoka mwezini. Akasema ndiyo maana analinunua. Déborah ana mtoto wa jicho, haoni mbali. Alijipiga picha akiwa amelivaa, akamtumia na kumwambia, "Usitafute sura. Tafuta koti." Jambo ambalo mimi sikulijua wakati ule ni kwamba alipofika nyumbani alishona mfuko ndani ya koti hilo, chini ya kwapa la kushoto, kwa ajili ya hati yake.

Tuliondoka Sydney Jumamosi, tarehe 20 Septemba. Sitaeleza nchi zote. Nieleze tu kwamba bei rahisi ile ilikuwa na sababu zake. Viwanja vya ndege vilikuwa na majina ya miji ambayo haikuwepo. Ukishuka unaambiwa mji wenyewe uko mbali, kuna basi, na basi limeondoka sasa hivi. Hosteli zilikuwa na vitanda vya ghorofa, na kwa sababu ya umri wake Mama Patrick alipaswa kulala chini, lakini kila mara tulifika wa mwisho na vya chini vilikuwa vimekwisha. Alipanda juu kwa ngazi akimtaja Yesu kila kidato. Mabomba ya kuogea yalitoa maji ukibonyeza kitufe na kukatika kabla sabuni haijafika mgongoni. Mimi nilinuna. Yeye alicheka mpaka wasichana wa chumba cha jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mama Patrick akiingia kwenye basi husalimia. Anaanza kiti cha mbele, "Bonjour," mpaka cha nyuma kabisa, na asiyejibu anarudiwa. Jikoni mwa hosteli alisonga ugali, na harufu ya ndagala wake wakavu, wale dagaa wa kwao, ikapanda mpaka ghorofa ya pili. Vijana wa Kijerumani walivutiwa, wakaja kuonja, wakakaa naye kama wajukuu. Mimi nilikuwa meza nyingine na simu yangu. Hakuna aliyeniuliza kama niko naye, na sikumwambia mtu. Nalisema hilo kwa sababu jana usiku nilipojiuliza nilianza lini kumkana, sikuona kwamba nilianzia uwanja wa ndege.

Mnamo tarehe 2 Oktoba, Alhamisi, tulikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji wa Milano, Italia. Hiyo ndiyo ilikuwa ndege ya kwenda Ubelgiji. Mama Patrick aliamka mapema kuliko wote, akaoga, akajipaka mafuta, akafunga kitambaa kipya kichwani. Saa tatu asubuhi tulionyesha hati zetu kwenye dawati, karatasi zetu za kupandia ndege zikagongwa muhuri. Tukadhani tumemaliza. Mama Patrick akaenda msalani, na sasa najua alikwenda kuushona tena mdomo wa ule mfuko. Tuliamini karatasi ikishagongwa muhuri hakuna tena wa kukuuliza hati.

Kila abiria aliruhusiwa begi moja dogo. Safari nzima tulikuwa tukihamisha vitu kutoka begi hili kwenda lile na kuvaa vile vinavyozidi, na tulikuwa tumeshakuwa mafundi wa jambo hilo. Lakini siku hiyo Mama Patrick alikuwa na zawadi zote za Déborah ambazo alikataa katakata kuzipunguza: vitenge vinne, majani ya chai, ndagala, na jaketi jipya la sufu. Saa nne na nusu, pale langoni, tulimwona mfanyakazi akisukuma kile kisanduku cha chuma cha kupimia mabegi. Mama Patrick akalivua lile koti, akavaa sweta mbili, akavaa na jaketi la Déborah juu yake. Koti likakataa kupita. Akanipa mimi.

Alisema, "Vaa weye. Weye ni mwembamba. Kwako haitapotea."

Nikalivaa. Lilikuwa na harufu ya mafuta yake ya nazi.

Kisha alikwenda msalani na kuniachia nafasi yake kwenye foleni. Nyuma yangu walikuwa mume na mke wazee, Wazungu wa hapa hapa Sydney, watu wachangamfu. Waliposikia natoka Smithfield walifurahi kama tumekutana ndugu. Waliniambia Kiingereza changu kinapendeza. Waliuliza kazi yangu, nikasema muuguzi. Mimi si muuguzi, ni msaidizi. Waliuliza nasafiri na nani. Nikasema peke yangu. Yule mama akasema lo, wewe ni jasiri kweli. Nikatabasamu. Konstebo ananiuliza kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nimechoka kuwa yule mwenye mama wa ndagala, na nilitaka kuwa mtu mwingine mpaka ndege ipae. Nilijua Mama Patrick atarudi. Nilifikiri atarudi, atasimama nyuma yangu kimya, na hakuna atakayejua.

Alirudi. Foleni ilikuwa imesogea, na kwa sababu haingii mbele za watu bila kuomba, alijikuta nyuma yetu kidogo, nyuma ya wale wazee wawili. Mimi nikafika mezani, nikaonyesha pasipoti, nikapita. Nilikuwa nimeshavuka kama hatua tano hivi, nikielekea mlango wa kioo, niliposikia mfanyakazi akimwambia Mama Patrick aweke begi kwenye kisanduku.

Begi halikuingia. Alilisukuma, akalikalia, halikuingia. Mfanyakazi, msichana mdogo aliyechoka, alimwambia afungue. Akalifungua pale sakafuni. Vikatoka vitenge, chai, na mfuko wa ndagala ukapasuka. Samaki wadogo wakavu wakatawanyika kwenye vigae, na ile harufu ikatufikia wote. Watu wakafunika pua. Kijana mmoja akaanza kupiga video. Mama Patrick alipiga magoti kwa jaketi lake na sweta zake, jasho linamtoka, akiwaokota ndagala mmoja mmoja na kuwaambia watu pole, pole.

Nilimwonea haya. Si kwamba nilimwonea huruma kisha haya. Haya ndiyo iliyotangulia, na naomba iandikwe hivyo.

Msichana akamwomba hati. Hapo niliona uso wake ukibadilika. Akajipapasa kifuani, akajipapasa mifukoni mwa jaketi, kisha akainua kichwa akanitafuta. Akaita, "Kawira! Koti! Leta koti kwanza!"

Nilisikia vizuri. Nilidhani anataka kubadilishana tena nguo ili begi lipungue. Nieleze kitu ambacho nimekielewa baadaye: Mama Patrick hatamki mbele za watu hati yake iko wapi. Huko walikopita, mtu aliyesema kwa sauti hati yake iko wapi alilala bila hati. Kwa hiyo hakusema hati. Alisema koti, akasema tena koti, akaninyooshea mkono na kumwambia msichana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwa pamoja, "Ni mutoto yangu. Ule, ni mutoto yangu."

Watu wote wakageuka. Wale wazee wa Sydney walikuwa wamepita mezani na wamesimama karibu nami. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Mpenzi, huyu ni mwenzako?" Na msichana wa pale mezani, kwa sauti ya kusikika, akaniuliza kwa Kiingereza kama namfahamu yule abiria, na kama tuko pamoja.

Nilisema, "No, sorry. We are not together." Yaani hapana, samahani, hatuko pamoja.

Nilisema nikiwa nimelivaa koti lake.

Mama Patrick hajui Kiingereza kingi, lakini hayo yalikuwa maneno mepesi. Mkono wake ulikuwa bado umeninyooshea. Akaushusha. Hakuniita tena. Akainama akaendelea kuokota ndagala.

Konstebo ameniuliza kwa nini sikurudi. Nilijiambia watamtoza begi, atalipa, atapanda mwishoni. Kwenye ndege niliketi nikitazama mlango. Waliingia watu wengi. Kisha mlango ukafungwa. Ningeweza kusimama. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na lugha tatu. Nilifunga mkanda. Kule Ulaya simu yake ilikuwa haipati mtandao isipokuwa kupitia yangu, nalo nililikumbuka tukiwa hewani.

Ndege ilitua Ubelgiji saa saba mchana. Nilitoka na umati, nikipanga nitamwambia nini Déborah nikimpata. Sikuwa na haja ya kumtafuta. Kabla sijafika kwenye kizuizi, mwanamke mnene mwenye miwani mizito alikuja mbio, amebeba maua yaliyofungwa kwa karatasi ya fedha, akilia, "Yaya! Yaya yangu!" Kwao yaya ni ndugu mkubwa. Watu wakampisha. Akanirukia, akanikumbatia kwa nguvu, akaweka uso wake kwenye bega la koti na kuvuta pumzi. Alisema mambo ya mama yao, na ya nyumba yao, ambayo hayakuwa yangu kuyasikia.

Sikumwambia mara moja kwamba mimi si yeye. Sikuweza. Alikuwa na furaha kubwa mno, na mimi nilisimama ndani ya furaha hiyo kama mwizi.

Mkono wake ndio uliojua kwanza. Ulipita chini ya kwapa la kushoto, ukasimama kwenye kitu kigumu, kisha ukapapasa mbavu zangu nyembamba. Akajitenga, akanitazama usoni kwa karibu sana, akaona mtu asiyemjua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Yaya iko wapi?" Nikasema amechelewa ndege, atakuja na nyingine. Akasema, "Atakuja na nini? Papier yake ni hii hapa."

Akalifungua koti akanionyesha. Mama yao aliwafundisha wote wawili kushona mfuko wa namna hiyo, mahali hapo hapo, kwa uzi mweusi. Akaukata kwa meno. Ndani mlikuwa na hati ya kusafiria ya Mama Patrick, imefungwa kwenye nailoni.

Akaniuliza, "Ulimuacha na nani?"

Nikasema, na watu wa uwanja wa ndege. Akaniambia asante kwa kumletea koti. Hilo nalo liandikwe, kwamba aliniambia asante.

Tulikwenda pamoja kwa polisi wa pale uwanjani kuipeleka ile hati. Walinihoji mimi niliyekuwa na koti. Déborah hajui Kiingereza, na mimi sijui Kifaransa, kwa hiyo hakuna aliyesikia ninalosema isipokuwa yule polisi. Nilijua nikisema nilipewa koti na mtu ninayemjua, nitaulizwa kwa nini nilimkana langoni. Niliona ombi langu la ukazi likirudishwa. Kwa hiyo nilisema kwamba koti nililiokota kwenye kiti pale Italia, nikidhani ni langu, na kwamba mwenyewe simfahamu zaidi ya kumwona safarini. Nilisaini. Maelezo yale ni ya uongo.

Kilichofuata nimekijua kwa kuambiwa na Patrick. Kule Italia Mama Patrick aliulizwa hati yake alimpa nani. Angetaja jina langu, kampuni ya safari ingethibitisha tiketi zetu, na mambo yangekwisha siku ile ile. Alikataa kutaja. Alisema tu koti lenye hati alimpa mtu amshikie. Walipomuuliza mtu gani, alinyamaza. Kwa hiyo kwenye karatasi zao kuna mwanamke aliyempa mtu asiyejulikana hati ya ukimbizi ivuke mpaka bila yeye, na kuna mtu mwingine anayesema aliokota koti. Hilo kwao linaitwa kuuza hati. Hati imezuiliwa. Anaishi kwa masista wa kanisa moja karibu na ule uwanja. Hawezi kwenda mbele kwa Déborah na hawezi kurudi Sydney, na ikithibitika aliiuza hatapewa nyingine. Leo ni siku ya ishirini na tano. Huko baridi imeanza na koti liko nyumbani kwangu, kwa sababu Déborah alinirudishia akasema, "Umupe mwenyewe kwa mkono."

Mimi nilirudi Sydney tarehe 6 kwa tiketi yangu, nikaenda kazini. Chumba cha kufulia wamemweka mtu wa muda. Kazini wakaniuliza Mama Patrick yuko wapi, nikasema ana shida kidogo ya karatasi. Nililisema hilo mara nyingi mpaka likawa jepesi mdomoni. Picha za safari niliziweka mtandaoni. Kuna moja ya Milano ambayo anaonekana mkono tu pembeni, kwa sababu nilimkata. Nilimkata siku hiyo hiyo ya picha, wala si baadaye.

Jana, Jumapili tarehe 26, saa nane mchana, Patrick alikuja kwangu akitoka kanisani. Nilipomwona kwenye kioo cha mlango nilijua ameambiwa, na nilifurahi, Mungu ni shahidi, nilifurahi kwamba mtu ameshasema na mimi sitalazimika. Nikafungua. Alikuwa amebeba sufuria ya sombe. Alisema, "Dada Kawira, mama amesema nikuletee. Amesema tangu yeye haiko, weye unakula mkate tu."

Nikamkaribisha. Hakujua lolote; nadhani mama yake alimkataza Déborah pia kumtaja aliyelileta koti. Mama yake alimwambia tulipotezana kwenye foleni na kwamba mimi nilihangaika sana kumtafuta. Patrick alinishukuru kwa mikono yote miwili. Alisema amekwenda kwa wakili, wakili amemwambia bila mtu wa kueleza koti lilifikaje Ubelgiji kesi ni ngumu. Alilia kidogo, akafuta uso, akaomba radhi. Kisha akasema mama amemtuma neno moja la mwisho. Anauliza, "Karatasi za Kawira zimetoka?"

Nikamwambia bado. Akasema mama amesema wasinisumbue kwa mambo ya polisi mpaka zitoke.

Hapo ndipo nilipoelewa alimnyamazia nani. Alisikia nikimkana mbele za watu, yuko magotini, na kabla hajasimama alikuwa ameshapata sababu yangu na kuikubali. Akaibeba. Yeye alikuwa ndani ya kosa langu siku ishirini na nne, mimi niko Smithfield nahesabu zamu.

Sikumwambia Patrick. Hilo nalo ni aibu yangu. Nilikula sombe yote mbele yake kwa sababu alikuwa ananitazama nile. Nimemwandikia ujumbe leo asubuhi kwenye kituo cha treni nikamwambia aje hapa saa saba mchana, nitamweleza mwenyewe.

Konstebo amesimamisha maandishi na kunieleza kwamba maelezo haya yatatumwa kwa wanaohusika na hati ya Bi. Balagizi, hapa na nje. Amenieleza kwamba kwa kukiri nilitoa maelezo ya uongo Ubelgiji naweza kushitakiwa, na kwamba ombi langu la ukazi linaweza kuangaliwa upya. Ameniuliza kama nataka kuonana na wakili kabla ya kuendelea. Nimeelewa. Nimesema aendelee kuandika, maana nikitoka nje kupunga hewa sijiamini kwamba nitarudi.

Kwa hiyo nasema wazi: Bi. Honorine Balagizi hakuuza hati wala hakumpa mtu hati. Alinivalisha koti lake ili begi la zawadi za mdogo wake lipite. Hati ilikuwa ndani na mimi sikujua. Aliniita nami nikasikia. Aliyesema uongo langoni ni mimi. Aliyesema uongo Ubelgiji ni mimi. Yeye hajawaambia polisi uongo wowote. Amenyamaza tu, na amenyamaza kwa ajili yangu.

Nimelileta koti.

Hayo ndiyo niliyoyasema, niliyoyafanya na niliyoyanyamazia. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

Saini: K. Nkatha
Saa sita na dakika ishirini mchana

MAELEZO YA OFISA (yameandikwa na mkalimani)

Nimepokea kutoka kwa shahidi koti moja la kike, manjano, zito. Ndani yake, chini ya kwapa la kushoto, kuna mfuko ulioshonwa kwa mkono kwa uzi mweusi, umekatwa upande mmoja. Mifuko ya nje ni mitupu, isipokuwa ndagala mmoja mkavu katika mfuko wa kulia. Shahidi ameuliza kama koti linaweza kupelekwa Italia kabla ya kesi kwisha, kwa sababu ya baridi. Nimemwambia kwa sasa ni kielelezo. Ameomba basi nakala ya maelezo haya isomwe kwa Bi. Balagizi kwa simu, na asisomewe na Patrick bali na mkalimani. Nimekubali kuliombea ruhusa.

Saa sita na nusu Bw. Patrick Balagizi alifika kabla ya wakati na ameketi mapokezi. Shahidi amemwona kupitia kioo.

Nilimkumbusha shahidi kwamba sehemu ya uhusiano imebaki wazi. Nilimsomea swali kwa Kiingereza, kama anamfahamu mhusika. Kabla mkalimani hajatafsiri, shahidi alijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi:

"Yes. We are together."

Nimeijaza hivyo.

D. Whelan, Konstebo